Mafundi wa Kuandaa Nyumba ya Kuuza: Tathmini ya Kazi Iliyofanyika Tabata

Kundi la mafundi ninalolitathmini hapa halina ofisi wala bango barabarani. Linaongozwa na msimamizi mmoja aliyesomea uashi katika chuo cha VETA Chang'ombe, linafanya kazi zaidi Tabata, Segerea na Kinyerezi jijini Dar es Salaam, na linachukua nyumba moja kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya kazi zake ni ukarabati wa nyumba ambazo wenyewe wameshaamua kuziuza. Tulilikabidhi nyumba ya mama yetu, nyumba ya tofali za saruji yenye paa la bati, iliyojengwa kidogo kidogo katika miaka ya 1990 kama zilivyojengwa nyumba nyingi za watumishi wa umma wa wakati ule: msingi mwaka huu, kuta mwaka unaofuata, na stoo ya nyuma ikaja kuongezwa baadaye kabisa. Mama amehamia Morogoro kwa dada yetu mkubwa na nyumba imeshauzwa, kwa hiyo ninaandika nikiwa nimeifuatilia kazi hiyo tangu ukaguzi wa kwanza hadi mnunuzi alipokabidhiwa funguo.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepata makadirio kutoka kwa mkandarasi mwingine. Huyo alipita sebuleni, akapiga picha, na jioni yake akatuletea orodha yenye dari ya jipsam na taa za kufichwa, skimingi (tabaka jembamba la kulainisha) ya kuta zote, vigae vipya na rangi ndani na nje. Ilikuwa orodha ya kupendezesha picha za dalali. Msimamizi wa kundi hili hakuuliza tunapenda rangi gani. Aliomba ngazi, mpira wa maji na mtu wa kumsaidia kufunua chemba za maji machafu. Alifunga bomba zote za ndani na za nje, akachuchumaa kwenye mita ya maji, kisha akatuita tuone kigurudumu kidogo cha mita kikiendelea kuzunguka polepole, ishara kwamba bomba lilikuwa linavuja chini ya ardhi mahali fulani kati ya mita na tangi. Akazunguka nyumba nzima akigonga plasta kwa mpini wa nyundo, na kila iliposikika sauti ya uwazi akaweka alama ya chaki, kwa kuwa hapo plasta ilikuwa imeachana na tofali. Kwenye nyufa mbili zilizotutia wasiwasi alibandika viraka vidogo vya jipsam vilivyovuka ufa kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaandika tarehe juu yake kwa penseli, na akakataa kutaja bei ya kuziba nyufa hizo mpaka viraka vitoe majibu. Kiraka cha juu ya dirisha la chumbani kilibaki kizima, maana yake ufa huo ulikuwa wa zamani na umeshatulia. Kile cha kwenye kona inayounganisha nyumba na stoo kilikatika katikati. Walipochimba pembeni wakakuta kwamba msingi wa stoo una kina kidogo kuliko wa nyumba, na kwamba maji ya paa yalikuwa yakimwagika papo hapo kila mvua inaponyesha na kuuchimbua udongo. Ufa huo usingezibika kwa saruji peke yake. Waliyahamisha maji kwanza, wakaimarisha msingi wa kona ile kwa zege, ndipo wakarudi kwenye ukuta.

Ukuta wa sebule unaoelekea bustanini ndio ulionionyesha kwamba watu hawa wanaijua kazi yao. Tangu tukiwa wadogo ukuta huo ulipakwa rangi kila mwaka kabla ya sikukuu, na kila masika rangi ilituna, ikabanduka na kuacha unga mweupe sakafuni. Mkandarasi wa kwanza alipendekeza kuufunika kwa mbao za plastiki zenye mapambo. Fundi mwashi wa kundi hili alikwangua sehemu yenye upana wa kiganja hadi kufikia plasta, akabandika juu yake kipande cha nailoni angavu na kukiziba pande zote nne kwa utepe. Kesho yake matone ya maji yalikuwa upande wa ndani wa nailoni, huku upande unaotazama chumba ukiwa mkavu kabisa. Unyevu ulikuwa unatoka ndani ya ukuta wenyewe, wala haukuwa wa hewa ya sebuleni. Tukatoka nje. Tuta la maua ambalo mama amelitunza kwa miaka yote hiyo, akiliongezea udongo na mbolea kila msimu, lilikuwa limepanda hadi kuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na kwa hiyo juu kuliko tabaka la nailoni linalowekwa kati ya msingi na ukuta ili kuzuia maji ya ardhini yasipande. Maji yalikuwa yanalikwepa tabaka hilo kwa kupitia ubavuni, yanapanda ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi iliyomo kwenye udongo na kwenye mchanga wa ujenzi, na yakishakauka yanaiacha chumvi hiyo nyuma ya rangi, nayo ikiganda inaisukuma rangi itoke.

Tiba yake ilikuwa ya jembe kabla ya kuwa ya mwiko. Waliliondoa tuta lote, wakaishusha ardhi chini ya usawa wa sakafu, na wakamwaga ukanda wa zege wenye mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Ndani walibandua plasta hadi kimo cha kupita alama ya unyevu, wakauacha ukuta uchi katika miezi mikavu inayofuata masika, Juni na Julai, na dalali alipokuwa akipiga simu kuuliza lini apige picha, msimamizi alimjibu kwamba ukuta bado haujakauka na mazungumzo yakaishia hapo. Plasta mpya ilichanganywa na dawa ya kuzuia maji, ikamwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha ikaachwa karibu mwezi kabla ya kuguswa na burashi, kwa sababu makali ya saruji mbichi hula rangi, hasa rangi ya mafuta. Mtu aliyekuja kununua nyumba wakati wa vuli, mvua zikiwa zimeshika, aliukuta ukuta huo mkavu. Na gharama yote ya kazi hiyo, pamoja na zege la nje, ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbao za plastiki zilizokusudiwa kuuficha.

Kwenye paa nina machache ya kusema, nayo ni mema. Waliondoa mabati yaliyoliwa na kutu upande unaopigwa na upepo wa bahari, wakayaacha yaliyo mazima, na wakabadilisha misumari yote ya zamani kwa misumari yenye mpira, maana kwenye nyumba za pwani kutu huanzia kwenye tundu la msumari. Dukani tuliuziwa bati la geji 30 kwa maelezo kwamba halina tofauti na la geji 28. Fundi alilipima kwa kidole tu, akalirudisha, kwa kuwa namba ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba, na mwenye duka alijua hivyo. Kisha walimwagia paa maji kwa mpira, sehemu moja baada ya nyingine kuanzia chini kwenda kofia ya paa, mtu mmoja akiwa darini na tochi. Kenchi mbili, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeliwa na mchwa nazo zikaungwa kwa mbao mpya zilizopakwa dawa.

Jambo ninaloliheshimu zaidi katika huduma hii ni yale waliyotushauri tusiyafanye. Tulikuwa tumejiandaa kubadilisha madirisha yote kuwa ya alumini, na wao, ambao wangepata malipo ya ufundi kwa kila dirisha, wakatuambia kwamba madirisha ya mbao yaliyopo ni ya mninga, yanafunga vizuri, na kwamba mnunuzi akiyataka ya alumini atayaweka kwa mtindo anaoupenda yeye. Walibadilisha nyavu, wakapiga msasa na vanishi, wakalainisha bawaba. Vivyo hivyo walikataa kubomoa ukuta wa kati ya sebule na jiko, kwa sababu kuondoa ukuta hugusa linta (boriti inayopita juu ya milango na madirisha), dari na nyaya, na huenda kukahitaji kibali cha halmashauri, ilhali hakuna ajuaye kama atakayenunua atataka jiko la wazi. Pesa iliyookolewa hapo ilikwenda kwenye chemba na shimo la maji machafu, sehemu ambayo hakuna muuzaji anayependa kuigharamia kwa kuwa haionekani kwenye picha. Kwa wanaonunua Tabata, hata hivyo, swali la maji huja kabla ya swali la vigae. Tangu mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, hakuna mtu makini anayenunua nyumba upande huu bila kuuliza mvua ikinyesha maji hupita wapi, na choo hujaa au hakijai. Sisi tuliweza kulijibu swali hilo kwa kufunua mfuniko na kumwonyesha mtu.

Mahali tulipotofautiana ni dari ya sebule. Paa lilipokwisha kuzibwa, madoa ya kahawia ya uvujaji wa zamani yalibaki kwenye mbao za dari, na msimamizi aliona hayana madhara kwa kuwa chanzo kimeondolewa. Kiufundi ni kweli. Lakini mnunuzi hasomi historia ya paa. Anainua macho, anaona doa, na kuanzia hapo haamini tena neno lolote linalohusu bati. Tulisisitiza, wakabadilisha mbao zile zilizoharibika na kupaka dari nzima, na ninaamini kwamba kundi linalojitambulisha kwa kuandaa nyumba za kuuza linapaswa kuliona jambo hilo bila kukumbushwa. Ukarabati wa nyumba ya kuishi na ukarabati wa nyumba ya kuuza una tofauti hii moja: katika ule wa pili tatizo lililokwisha tibiwa linatakiwa pia lionekane kwamba limetibiwa.

Kuhusu fedha, makadirio yao yaliandikwa kwa mkono lakini kwa utaratibu mzuri, vifaa upande mmoja na ufundi upande mwingine, na malipo yaligawanywa kwa hatua, kila hatua ikilipwa baada ya kukaguliwa. Vifaa tulinunua wenyewe tukiwa na fundi, nasi tulidai risiti za EFD, zile za mashine ya kielektroniki ya kodi, kila dukani, hata kwa misumari. Jambo hilo lina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida iliyopatikana kwa kuuza, gharama za kuboresha nyumba hutolewa kwenye hesabu kabla ya faida kupatikana, mradi ziwe na ushahidi. Yako makazi binafsi yanayosamehewa, pale mwenye nyumba alipoimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi na faida isizidi shilingi milioni 15, lakini kwa nyumba ya Dar es Salaam iliyojengwa miaka ya 1990 kiwango hicho huvukwa kwa urahisi. Kasoro ya makadirio yao ilikuwa kwenye mstari wa mwisho, ulioandikwa "mengineyo". Ndani ya neno hilo yaliingizwa kokoto za ziada, usafiri wa mchanga na chakula cha vibarua, na haikuwahi kuwa wazi linaishia wapi. Kundi linaloweza kuandika idadi ya misumari haliwezi kushindwa kuandika safari za gari la mchanga, na mteja atakayefuata anatakiwa aukatae mstari huo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Zipo kasoro nzito zaidi. Kwa kazi ya umeme walituletea kijana hodari wa mikono ambaye, alipoulizwa leseni ya kazi za umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alisema ipo kwa bosi wake. Tulikataa asiguse mein swichi mpaka aje mwenye leseni, na alipokuja huyo mwenye leseni aligundua kwamba waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme wa hitilafu, ulikuwa umekatika chini, karibu na ule msingi wa stoo, kwa muda usiojulikana. Nyumba ingeuzwa ikiwa hivyo. Siwezi kulifumbia macho jambo hili: kundi linalojali unyevu wa ukuta kiasi kile haliruhusiwi kuchukulia umeme kuwa kazi ya kumpa yeyote aliye karibu. Geti nalo lilipakwa rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya kutu, bila kukwanguliwa wala kupakwa praima ya kuzuia kutu, na wiki chache baadaye rangi ikaanza kutokwa na vipele. Walirudi kulifanya upya bila kudai ufundi, wakinunua praima wenyewe, na hilo ninaliandika kwa heshima yao, ingawa fundi rangi aliyefanya kosa hilo hakustahili kuachiwa kazi ya nje peke yake. Vigae vya jikoni walivyoziba mahali palipovunjika vinalingana rangi lakini havilingani mistari, na grauti yake imejazwa kwa haraka. Mawasiliano ni dhaifu pia: msimamizi hapokei simu akiwa kazini, hajibu ujumbe hadi usiku, na ndugu aliye mbali na Dar es Salaam, kama alivyokuwa dada yetu, atapata tabu kulisimamia kundi hili bila kuwa na mtu wa kwenda kuangalia.

Kazi ilipokamilika walitupa kitu ambacho sijawahi kukipata kwa fundi mwingine. Kilikuwa daftari dogo la kazi zote zilizofanyika, pamoja na picha zilizopigwa kwa simu kabla plasta haijafunika ukuta, udongo haujafunika bomba na mbao hazijafunika kenchi. Mle ndani umeandikwa pia bayana udhaifu wa nyumba na yale ambayo hayakufanyika: kwamba ufa wa juu ya dirisha umezibwa baada ya kuonekana kuwa umetulia, kwamba stoo ina msingi wenye kina kidogo na haifai kuongezewa ghorofa, kwamba bomba la zamani linalokwenda bafuni halikubadilishwa. Ndugu yangu mmoja alitaka kurasa hizo zichanwe kabla ya mnunuzi kuliona daftari. Mama alikataa, akasema watu watakaoingia mle watalala na watoto wao, na kwamba hatapokea fedha ya mtu aliyefichwa ubovu. Tukalikabidhi daftari zima.

Mnunuzi alikuja na fundi wake, mzee mtaratibu aliyepanda darini kabla ya kuingia sebuleni. Aligonga plasta vilevile kwa mpini wa nyundo, akafunua chemba, akafungua na kufunga kila bomba, kisha akakaa barazani na daftari akilinganisha picha na mahali zilipopigwa. Juu ya paa, ukuta wa bustanini na maji machafu hakuwa na hoja. Alijadili jiko, vigae vile visivyolingana na makabati ya zamani, na punguzo tulilotoa lilitokana na jiko peke yake. Bomba la bafuni na msingi wa stoo, yale tuliyoogopa kwamba yangeshusha bei kwa kuandikwa, aliyataja na kuyapita, kwa sababu alikuwa ameshayajua kabla hajafika na mteja wake alikuwa ameshayaweka kwenye hesabu yake. Deni la maji na la umeme wa LUKU tulikuwa tumelimaliza na stakabadhi zikiwa ndani ya faili moja na hati, kwa hiyo siku ya kusaini kwa wakili hapakuwa na la kubishania.

Kwa mwenye nyumba ya zamani yenye unyevu, nyufa, paa lililochoka au mifereji isiyoeleweka, ninalipendekeza kundi hili kwa moyo wote, kwa masharti mawili: umeme umtafutie mwenye leseni wewe mwenyewe, na kazi ya vigae uitoe kwa fundi wa vigae. Mwenye nyumba mpya inayohitaji rangi na usafi tu hana sababu ya kuwasubiri, maana fundi rangi mzuri wa mtaani atamaliza mapema na kwa bei nafuu. Atakayeamua kuwapa kazi azungumze nao masika ingali inanyesha, wakati ambao uvujaji unaonekana kwa macho na wao bado hawajafunga ratiba ya kiangazi. Wakianza Juni kuta hupata nafasi ya kukauka, na nyumba inaweza kutangazwa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zinakaribia na kazi yao ikiwa tayari kupimwa na mnunuzi mwenyewe.